Fomu ya kurasa 14 na swali la mama wa Newala

Fomu ilikuwa ya kurasa 14, kwa Kiswahili, imebanwa kwa pini moja pembeni. Mama huyo, mkulima wa korosho wa miaka 43 kutoka kijiji kimoja cha Newala, alipewa Juni 2024 katika hospitali moja ya Dar es Salaam, akaambiwa asisaini siku hiyo. Aende nayo nyumbani, aisome, awaulize watu anaowaamini, kisha arudi na jibu.

Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imemrudia. Mwaka 2022 alipigwa mionzi, akapata nafuu hadi akaweza tena kubeba ndoo na kwenda shamba. Kikohozi kilipoanza alidhani ni vumbi la salfa, kwa sababu ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho. Kipimo cha CT kikaonyesha vivimbe kwenye mapafu yote mawili. Daktari hakumzungusha: ugonjwa ukifika hapo hauponi, unapunguzwa kasi tu. Tiba ya kawaida ni dripu kila baada ya wiki tatu.

Kisha akamweleza habari za utafiti. Kundi moja lingepata dripu za kawaida. Kundi jingine lingepata dripu hizo hizo pamoja na dawa ya nyongeza. Nani aingie kundi lipi, kompyuta ingepiga kura.

“Kwa hiyo daktari, hata wewe hujui kama hiyo dawa inasaidia?”

“Sijui, mama. Tungekuwa tunajua tusingefanya utafiti.”

Jibu hilo lilimtuliza kuliko ahadi zote alizowahi kupewa na waganga, wa mizizi na wa maombi.

Basi la kurudi kusini lilimchukua karibu siku nzima: Mbagala, Daraja la Mkapa, Nangurukuru, Ndanda, hadi Masasi, alikolala kwa dada yake. Kesho yake akapanda gari la Newala. Fomu aliifunga ndani ya kanga asije akaulizwa na majirani.

Huku Makonde, jambo zito haliamuliwi bila mjomba. Mzee alikuja, akasikiliza, akasema neno moja: wanataka kukujaribia dawa kama panya. Wengine wangemcheka, lakini hoja yake ina mizizi. Watu wa vijijini wamezoea wageni wenye kalamu, wanaohesabu kaya, wanaochukua damu, kisha wanaondoka na majibu hayarudi. Anayeogopa hivyo si mjinga.

Dada wa Masasi, aliyekuja naye, alikuwa na hesabu nyingine. Safari kila wiki tatu, nani atabaki na mdogo wa darasa la tatu? Nani atachota maji? Na Oktoba korosho zikianza kuanguka, nani ataokota?

Macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo fomu ilisomwa na binti yake wa kidato cha kwanza, kwa tochi ya simu, jioni mbili. Jioni ya kwanza walifika ukurasa wa tatu. Hapo paliandikwa kwamba utafiti unahusu wanawake ambao saratani yao imesambaa na haiwezi tena kuponywa. Binti alisoma sentensi hiyo hadi mwisho, akanyamaza, akairudia kwa sauti ndogo. Hakuwa ameambiwa. Alijua mama anaumwa, alijua Dar es Salaam kuna tiba, na katikati ya hayo mawili watu wazima walikuwa wameacha nafasi tupu.

Mama hakumnyang’anya karatasi. Alimwambia, “Endelea, mwanangu. Na mimi nataka kujua.”

Wazazi wengi wangetaka habari hiyo imfikie mtoto kwa njia nyingine. Lakini usiku ule binti aliuliza maswali ambayo mjomba na shangazi hawakuwa wamethubutu: kama inauma, kama itampata na yeye, kama mama atakuwepo atakapomaliza kidato cha nne. La kwanza lilijibiwa ndiyo. La tatu lilijibiwa kwa mkono begani.

La pili lilikuwa na jibu zuri. Aprili mwaka ule ule, binti alikuwa amechomwa sindano ya kinga ya virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kutoa chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mabadiliko hayo nayo yalitokana na tafiti. Mwanza, kuanzia 2017, wasichana 930 wa umri huo walikubali, na wazazi wao wakaridhia, kuingia katika utafiti ulioitwa DoRIS, wakigawanywa kwa kura: wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Kenya, wanawake vijana 2,275 wakafanya vivyo hivyo katika utafiti mwingine. Majibu yao yalikuwa miongoni mwa yale yaliyoliwezesha Shirika la Afya Duniani kusema mwaka 2022 kwamba dozi moja inaweza kutosha. Mjomba aliposimuliwa hayo na muuguzi wa zahanati hakusema kitu, ila ile habari ya panya hakuirudia.

Lakini chanjo hupewa mtu mzima wa afya. Kwa mgonjwa ambaye saratani imesambaa, hesabu ni nyingine, na si haki kumpaka asali mdomoni. Upo utafiti wa saratani ya Kaposi iliyokomaa kwa watu wanaoishi na VVU, uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, matokeo yakachapishwa 2020. Makundi yalikuwa matatu. Kundi la vidonge lilifungwa mapema kwa sababu wagonjwa wake walikuwa wakifanya vibaya kuliko wenzao. Kati ya makundi mawili ya dripu, baada ya wiki 48, wagonjwa 64 katika kila 100 wa kundi moja walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele. Kundi la pili walikuwa 44. Madaktari leo wanajua dawa ipi waanze nayo, na wamejua hivyo kwa sababu kuna watu walioangukia kundi baya. Kurasa za hospitali hazisemi hivyo kwa sauti kubwa. Inafaa mgonjwa aambiwe.

Kinachomlinda ni taratibu. Utafiti wa namna hii hapa nchini lazima upitishwe na kamati ya maadili ya NIMR, na dawa inayojaribiwa ipate kibali cha TMDA. Mgonjwa hubaki na nakala yake ya fomu, yenye namba za simu za kulalamikia. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na tiba yake ya kawaida haikatwi. Mahali penye tiba inayojulikana kusaidia, dawa mpya kwa kawaida hulinganishwa na tiba hiyo. Mgonjwa haachwi na maji matupu ili watu watazame. Na asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, kisha huweka dole gumba.

Mama alirudi Dar es Salaam Julai akiwa na swali moja, ambalo kurasa zote 14 hazikuwa nalo.

“Sista, nikifia huku, nani atanirudisha Newala?”

Muuguzi wa utafiti alipekua fomu, akaomba muda, akaenda kuuliza. Alirudi na ukweli. Nauli ya kliniki inalipwa, na vipimo vya utafiti vinalipwa. Bima ya utafiti inalipa madhara yanayoletwa na dawa inayojaribiwa. Ugonjwa wenyewe ukiua, kusafirisha mwili ni juu ya familia.

Kwa mtu wa mbali hilo ndilo swali lenyewe. Gari la kusafirisha mwili kutoka Dar es Salaam hadi Newala linaweza kumeza mapato ya shamba ya msimu mzima, na watoto wakabaki na kaburi na deni. Mama alitoka nje, akampigia mjomba. Mzee alikaa kimya muda mrefu hadi mama akadhani salio limekwisha. Kisha akasema, “Hilo niachie mimi. Malipo ya mnada wa kwanza yakiingia kwenye akaunti, hayaguswi. Wewe katibiwe.”

Alisaini siku hiyo. Kompyuta ikampeleka kundi la dripu za kawaida.

Shangazi alisikitika: safari yote ile, kumbe ni dawa ile ile ambayo angepewa bila fomu! Ni kweli. Ila kwa kuwa ndani ya utafiti alipata vipimo kwa tarehe, muuguzi wa kumpigia simu baada ya kila dripu, na mtu wa kumpokea kwa jina. Nywele zilidondoka, kichefuchefu kilimtesa siku nne nne. Kipimo cha Septemba kilionyesha vivimbe vimepungua kidogo. Cha Novemba, vimeanza kukua.

Daktari alipendekeza dawa nyingine. Mama aliuliza ingempa muda gani, akajibiwa labda miezi, labda isimpe kitu. Korosho zilikuwa chini ya miti. Akasema anajitoa kwenye tiba, ila wakitaka wampigie simu waendelee kuandika hali yake, hana kinyongo. Alipewa morfini ya kunywa kwenye chupa na barua ya kuendelea kuipata karibu na nyumbani, akapanda basi la kusini.

Simu ya Januari aliipokea mwenyewe, akiwa kivulini anamenya mihogo. Ya Aprili ilipokelewa na mjomba. “Subiri kidogo, mwanangu,” alimwambia muuguzi, “mgonjwa yuko uani, anaoga.”