Rangi ya Kweli ya Magurudumu

Watu wengi wakiona motokaa ya zamani iliyotengenezwa upya hutazama injini, viti na mwili wake. Magurudumu hawayajali. Lakini yakiwa yamepakwa rangi isiyoyapasa, watu hao hao hutikisa kichwa na kusema, "Gari hili lina kasoro," wala hawajui kasoro iko wapi. Katika likizo iliyopita mimi na wenzangu watatu wa kidato cha sita tulipewa kazi ya kusafisha na kupaka rangi magurudumu matano ya Land Rover kuukuu ya shule yetu. Nataka kuwaeleza wasomaji tuliyoyaona, kwa sababu jambo lililoonekana dogo lilizua ubishi mkubwa; tena wanafunzi wa zamani waliotoa fedha za kazi hii wana haki ya kujua kwa nini gari lao liko kama lilivyo leo.

Kwanza niseme habari za gari lenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1948, katika mji wa Amsterdam. Ilitengenezwa na kampuni ya Rover huko Solihull, Uingereza. Mwili wake ni wa bati la aluminiamu, ambalo haliliwi na kutu kama chuma. Lakini fremu yake na magurudumu yake ni chuma. Kwa hiyo, katika nchi ya mvua nyingi kama hii yetu ya Uganda, mwili waweza kukaa miaka mingi bila rangi usiharibike, bali gurudumu likikosa rangi huliwa na kutu. Ndiyo sababu magurudumu hupakwa mara kwa mara, na kila anayepaka hutumia rangi aliyo nayo karibu. Gari letu ni la aina iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971, lile refu la inchi 109 kutoka ekseli moja hadi nyingine.

Tulipolikokota kutoka nyuma ya karakana, magurudumu yake yalikuwa ya rangi ya fedha, ile inayopakwa matangi ya maji. Siku hiyo walikuwapo wanafunzi wa zamani watatu. Mmoja alisema rangi ya fedha ibaki, maana ndivyo yalivyokuwa alipoingia kidato cha kwanza mwaka 1986. Wa pili akasema la, yalikuwa meusi, naye aliyaona kwa macho yake mwaka 1980. Wa tatu, ambaye nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko za wenzake, akacheka na kusema, "Ninyi ni watoto. Yalikuwa meupe kama maziwa." Wote watatu ni watu wa kuheshimiwa, na hakuna aliyesema uongo. Bruda anayesimamia karakana akatuambia, "Msianze kuwauliza watu. Yaulizeni magurudumu."

Tulitafuta pia katika vitabu. Vinasema kwamba gari nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani zikiwa na mwili wa kijani iliyokoza, na paa na magurudumu ya rangi hafifu kama ya jiwe la chokaa. Lakini si zote. Nyingine magurudumu yake yalifuata rangi ya mwili. Picha moja iliyo ofisini yaonyesha gari letu likiwa jipya, na magurudumu yake ni maangavu. Picha hiyo lakini si ya rangi. Yaweza kutuambia kwamba hayakuwa meusi wala kijani iliyokoza, lakini haiwezi kutenga fedha na maziwa. Basi ikawa lazima kufuata shauri la Bruda.

Njia yenyewe ni hii, nami naieleza kidogo kwa faida ya wale wenye vyombo vya zamani kwao. Tulivua tairi, tukachagua mahali pasipofikiwa na jua wala kokoto, yaani pale palipofunikwa na tairi, na pale ambapo gurudumu hugandamana na ngoma ya breki. Tukachukua msasa tukaulowesha maji, tukasugua duara dogo kama shilingi, polepole, mpaka chuma kikaonekana katikati. Tukaendelea kusugua kandokando kwa msasa laini. Hapo rangi zote zilizopakwa moja juu ya nyingine zikatokea kama mizunguko ya shina la mti uliokatwa. Nje ilikuwa fedha, kisha nyeusi, kisha rangi ya maziwa yaliyotiwa majani kidogo ya chai, kisha rangi ya chini ya kuzuia kutu, na mwisho chuma.

Niongeze onyo. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo msasa sharti uwe na maji ili vumbi lisiruke, mtu afunike pua na mdomo, asile chochote hapo, na anawe vizuri kabla ya kwenda mezani. Bruda hakumruhusu mwanafunzi yeyote mdogo kukaribia.

Mtu aweza kudhani kwamba ukiisha kuona rangi ya asili kazi imekwisha. Sivyo. Rangi iliyopigwa na jua huchujuka, lakini rangi ya mafuta iliyofichwa gizani muda mrefu hugeuka manjano. Basi ile tuliyoiona chini ya tairi ilikuwa na umanjano zaidi ya ile iliyotoka kiwandani. Tuliliweka gurudumu lile nje kwenye mwanga siku kadhaa, na umanjano ukapungua. Ndipo tulipoanza kuchanganya. Tulichukua rangi nyeupe, tukatia manjano ya udongo kidogo na nyeusi matone machache, tukapaka kipande cha bati na kungoja kikauke, kwa sababu rangi mbichi na rangi kavu hazifanani. Tuliilinganisha nje kivulini wakati wa mchana, wala si chini ya taa. Tulipaka vipande saba. Sita vilikataliwa na Bruda, cha saba alikiweka juu ya gurudumu, akanyamaza, kisha akasema, "Hiki."

Katika kazi hii ile rangi nyeusi ilitushangaza. Nyingine zote zilipakwa vizuri, lakini hiyo ilipakwa ovyo. Alama za brashi zilionekana, na ndani yake mlikuwa na matope makavu na vipande vya nyasi. Aliyepaka hakuosha hata gurudumu. Mwenzetu mmoja alimcheka fundi huyo asiyejulikana. Siku ya pili yake dereva wa zamani wa shule, mzee ambaye sasa hutembea na fimbo, alikuja kutazama kazi. Tukamwamkia, tukampa kiti. Alipoona ule mzunguko mweusi akaugusa kwa kidole, akasema, "Huu ni mkono wangu."

Akatueleza kwamba mapema mwaka 1979, vita vilipokuwa vinakaribia, watu wenye bunduki walikuwa wakinyang'anya kila gari zuri waliloliona barabarani. Magurudumu meupe yalionekana toka mbali hata usiku. Usiku mmoja alikuta kopo la rangi nyeusi iliyobaki katika kupaka mlango, akayapaka magurudumu yote kwa mwanga wa taa ya mkono, akamwaga matope mwilini na kung'oa taa moja ya mbele. Gari likaonekana kama mzoga. Siku zile lilifanya kazi usiku, likipeleka wagonjwa na akina mama wajawazito hospitalini, na halikunyang'anywa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na gari lilikuwa bado letu.

Habari hiyo ilipofika kwa wanafunzi wa zamani, ubishi ulianza upya. Wengine wakasema magurudumu yapakwe nyeusi kwa heshima ya mzee. Wengine wakasema kutengeneza upya maana yake ni kurudisha kitu kama kilivyozaliwa, na kila kilichoongezwa baadaye kiondolewe. Mimi niliona kila upande una haki yake. Tukiacha nyeusi, mgeni atadhani Land Rover zilitoka kiwandani hivyo, naye atakuwa amedanganywa. Tukisugua nyeusi yote, tutakuwa tumefuta ushahidi wa pekee wa jambo ambalo halikuandikwa katika daftari lolote la shule.

Tuliamua kumwuliza mwenyewe. Nikamwambia, "Mzee, wewe wapenda rangi gani?" Akajibu, "Mwanangu, ile haikuwa rangi, ilikuwa maficho. Vita vikiisha mtu hutoka mafichoni. Yapakeni meupe." Kisha akafikiri kidogo, akasema, "Lakini msiyafute yote."

Basi shauri likawa hili. Magurudumu manne yanayotembea yamepakwa rangi yake ya kiwandani. La tano, lile la akiba linalokaa juu ya boneti mbele ya kioo, hatukulipaka. Tuliliosha tu, tukafungua ubavuni duara pana kama sahani, ili rangi zote zionekane kwa zamu yake tangu fedha mpaka chuma, tukalifunika kwa vanishi isiyo na rangi ili kutu isiingie. Mgeni akiuliza, "Mbona hili hamkulimaliza?" tuna neno la kumjibu.

Nimejifunza kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja ni mzunguko mmoja tu. Yule wa 1986 alisema kweli, na yule wa 1980 pia, na mwenye nywele nyeupe pia; kila mmoja alishika rangi ya siku zake akadhani ndiyo gari zima. Wanafunzi wenzangu, nyumbani kwenu mna milango, masanduku, baiskeli na viti vya babu zenu. Kabla hamjavisugua na kuvipaka vipya, fungueni kwanza kidirisha kidogo mahali palipofichika, kisha mwulizeni mzee aliye hai. Magurudumu yalituambia kwamba kulikuwa na rangi nyeusi, lakini hayakuweza kutuambia kwa nini.

Nanyi wanafunzi wa zamani, bado tunatafuta rangi ya turubai la nyuma, maana lilioza na halikuacha hata uzi. Mwenye picha au kipande chake, tafadhali alete karakana.