Mashine Tezini: Kumbukumbu za Vyombo vya Mkwaja

Katika pwani yetu ya Mkwaja, iliyo baina ya Pangani na Saadani, mtu aliyezaliwa kabla ya uhuru ameviona kwa macho yake vyombo visivyojua nguvu nyingine ila upepo, na akaishi hata kuviona vyombo ambavyo havishuliwi mpaka petroli ipatikane. Mimi ni mmoja wa watu hao, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeipitisha kati ya hali hizo mbili, spana mkononi, kwa kuwa kazi iliyonilisha mimi na watoto wangu ilikuwa ni kuzitaka injini zilizoundwa kwa shughuli nyingine zikubali kusukuma mashua. Nimekusudia kueleza namna uchaguzi wa injini ulivyobadilika kwetu, maana naona habari hizo zimeanza kusahauliwa na vijana, na gharama ya kusahau huko wanailipa kila siku kwa lita.

Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alikuwa nahodha wa mashua iliyochukua mbata, boriti na samaki wakavu kwenda Pangani na mara nyingine kuvuka kwenda Unguja. Kalenda yake ilikuwa pepo. Kaskazi lilipovuma, tangu Desemba hadi Machi, alikuwa na shughuli zake. Kusi lilipoingia alikuwa na nyingine. Na katika maleleji, pepo zinapogeuka na bahari kutulia, alitengeneza matanga na kutia kalafati, wala hakuona kwamba amepoteza wakati. Pangani si mbali, kiasi cha kilomita 40 kufuata pwani, na rasi ya Nungwi huko Unguja iko kiasi cha kilomita 50 ukivuka mkondo. Lakini umbali huo haukuwa na maana yoyote bila ya kutaja upepo, kwani safari iliyokwisha kwa kutwa moja kwa upepo wa kufuata iliweza kuwa ya siku kadhaa kwa kupiga bisho. Aghalabu aling'oa nanga kabla ya alfajiri ili autumie umande, upepo ule mwepesi utokao bara, umtoe nje ya miamba kabla jua halijapanda.

Watu wa mbali waliokuja kwetu kwa majahazi makubwa walitutangulia katika jambo hili la mashine. Mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji, na jahazi hilo lilikwenda kwa tanga tupu; bali baada ya vita vikuu vya pili mambo yaligeuka upesi. Wakuwaiti na Waomani walitia injini za dizeli katika vyombo vyao, wakatoboa fashini ya tezi, lile gogo la nyuma ya chombo, kupitisha shafti, wakaukata usukani ili rafadha ipate nafasi ya kuzunguka, na mlingoti uliokuwa fahari ya chombo wakaufupisha ukawa wa kupakulia mizigo tu. Wazee wetu waliviona vyombo hivyo na kuvisifu, lakini hakuna aliyedhani kwamba jambo hilo litafika katika mashua ya futi 25.

Mashine ya kwanza ambayo mikono yangu iliifungua ilikuwa Seagull ya Uingereza, ile ya kupachika nyuma ya chombo, ambayo gurudumu lake lilikaa wazi kichwani na mtu akazungusha kamba juu yake na kuivuta ili iwake. Zile za zamani zilitaka oili sehemu moja kwa sehemu kumi za petroli, kiasi kwamba moshi wake ulitangulia kufika pwani kuliko sauti yake. Nguvu yake ilikuwa ndogo, farasi watatu au wanne, na vijana wa leo wakiona tarakimu hizo huziona za kitoto. Hata hivyo mashine ile iliisukuma mashua iliyojaa mbata, polepole na bila kuchoka, kwa sababu waliyoifahamu walioiunda na ambayo sisi tuliifahamu baadaye: gia zake zilipunguza mno mzunguko, na rafadha yake, yenye mapanga makubwa, matano katika aina nyingine, ilizunguka taratibu na kuyakamata maji mengi kwa kila mzunguko. Mtu mzito husukumwa kwa bega, hasukumwi kwa vidole. Sijapata kuona maelezo mafupi ya jambo hili kuliko hayo, na aliyenipa ni mjomba wangu, ambaye hakuwa na elimu ya mashine ila alikuwa na tajriba ya uzito wa chombo. Alinishika bega akasema, "Mwanangu, usiniulize mashine ina farasi wangapi, niulize inashika maji kiasi gani."

Kisha zikaja mashine za Japani. Kampuni ya Yamaha ilitoa injini yake ya kwanza ya kupachika mwaka 1960, na katika miaka iliyofuata injini zake zikaenea katika pwani nzima, kutoka Lamu hadi Mtwara, hata jina la Yamaha likawa kwa wavuvi wengi ndilo jina la mashine yenyewe. Sifa zake ni za kweli, wala sitaki kuzipunguza. Huwaka kwa mvuto mmoja au miwili, spea zake hupatikana, na fundi yeyote wa kijijini anaweza kuifungua na kuifunga. Lakini ilikuja na fikra mpya, nayo ni kwamba nguvu ndiyo mwendo, na kwamba mwenye farasi 15 atafika upesi kuliko mwenye farasi 8, na mwenye 40 atawapita wote.

Fikra hiyo ni sahihi kwa chombo chepesi chenye tumbo bapa, ambacho kikipata mwendo huinuka na kuteleza juu ya maji. Kwa mashua yetu, yenye mkuku mrefu na tumbo la mviringo lililoundwa likae ndani ya maji, si sahihi hata kidogo. Chombo cha namna hiyo kina mpaka wa mwendo unaotokana na urefu wake katika maji, na ukiwa ni futi 25 mpaka huo ni maili za bahari 6 na nusu hivi kwa saa. Ukiongeza nguvu zaidi ya hapo chombo hakiongezi mwendo ila kinainua wimbi mbele yake, kikishusha tezi na kujitahidi kulipanda wimbi hilo bila kufaulu, na petroli yote iliyozidi inaliwa na wimbi. Injini ya farasi 15 ya mipigo miwili, ikifunguliwa yote, hunywa lita 6 au zaidi kwa saa. Rafadha yake ina upana wa inchi 9 hivi, na huzunguka zaidi ya mara 2000 kwa dakika, nayo ikiwekwa nyuma ya chombo kizito huchafua maji tu, ikatoa povu na makelele, ilhali chombo kinakwenda kama kilivyokwenda jana.

Kadhalika palikuwa na shauri la mahali pa kuiweka mashine. Mashua ina tezi bapa, nayo hupokea mashine bila taabu, maadamu umechagua shafti ndefu ya inchi 20 badala ya ile fupi ya 15, kwani rafadha isiyozama vizuri huvuta hewa kila wimbi linapopita. Dau, ambalo limechongoka mbele na nyuma, halina mahali pa kuipachika, nasi tukalazimika kufunga ubao mnene ubavuni karibu na tezi, na nahodha akajifunza kuushika usukani kwa kupinga, kwa sababu msukumo unatoka upande mmoja. Ngalawa nayo ina matengo yake, na mashine ikiwekwa kwa upande usiofaa rafadha hugonga kamba za mshipi na nyavu. Hayo yote hayakuandikwa katika kitabu kilichokuja na mashine. Tuliyapata baharini.

Miaka ya mwanzo ya 1980, petroli ilipokuwa adimu nchini na spea zikawa za kutafutwa kwa watu, mashine nyingi zililala chini ya minazi, na matanga yaliyokuwa yamekunjwa yakatolewa tena. Hapo ndipo tulipoanza kuitazama kwa jicho jingine mashine ya kusaga unga. Ilikuwa dizeli ya Kichina ya silinda moja, ile iliyolala, yenye tangi la maji juu yake, na ile iitwayo S195 hutoa nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika, na hata ikifanyishwa kazi yote hainywi zaidi ya lita 3 kwa saa. Ilikuwa nzito mno, yapata kilo 140, na haikuundwa iione bahari. Lakini ilikuwa na subira, nasi tulihitaji subira kuliko mbio.

Kuitia katika mashua ilikuwa kazi ya mafundi wawili, wa mbao na wa chuma, wala mmoja hawezi kujitosheleza bila mwenzake. Silinda moja ina mtikisiko mkali, na mtikisiko huo ukiachwa juu ya mataruma mawili au matatu hulegeza misumari na kutoa pamba ya kalafati, mpaka mabaharia wakawa wanafua maji mchana kutwa. Kwa hiyo tuliilaza juu ya magogo mawili ya mvule, marefu kiasi cha kushika mataruma mengi, ili kila taruma libebe kidogo. Mzunguko wa mara 2000 tuliupunguza nusu kwa mikanda na puli, ndogo kwenye injini na kubwa kwenye shafti, na hivyo tukaweza kuweka rafadha ya inchi 16 au 18. Penye tundu la fashini tulitia bomba na kulishindilia pamba iliyotiwa shahamu, ipitishe shafti na kuzuia bahari. Maji ya kupoza yalitutaabisha kuliko yote, kwa kuwa maji ya chumvi yakichemka tangini huacha chumvi, na chumvi ikiganda hula chuma na kuziba njia. Dawa ilikuwa kujaza maji ya mtoni na kuyapitisha katika bomba la shaba lililofungwa nje, kando ya mkuku, yapozwe na bahari bila kuchanganyika nayo.

Likabaki jambo la pwani yenyewe. Hapa kwetu maji yakipwa bahari hurudi nyuma mbali sana, na chombo hupwelewa juu ya mchanga, na mashine ya kupachika huinuliwa lakini rafadha ya dizeli hainuliki. Tuliilinda kwa upapi wa chuma uliopigwa chini ya mkuku na kupita mbele yake, nao ulifaa. Hata hivyo wenye mashua za dizeli walijifunza kutia nanga mbali kidogo na kushuka kwa mtumbwi.

Wala hatukuwa peke yetu katika kuzigeuza kazi injini: mpwa wangu aliyekwenda Uingereza kusoma aliniandikia barua akinieleza watu huko, wazima na wenye kazi zao, waundao ndege za mfano kubwa, ambazo mabawa yake hupita urefu wa mtu, nao huziongoza kutoka ardhini kwa redio. Nilichopenda katika barua ile ni injini zao. Wengi wao hawakununua injini za ndege. Walichukua za misumeno ya kukatia miti na za mashine za kukatia majani, kama zile za Zenoah ya Japani, wakatoa feni na vifuniko, wakapunguza uzito wa gurudumu, na wakaziwekea kitovu cha kushika rafadha ya mbao. Waliziona zinafaa kwa sababu kabureta ya msumeno haina boya, bali ina utando, kwa hiyo injini haizimiki ikipinduka. Ilhali kabureta ya mashine yetu ya baharini ina boya na haitaki kulazwa. Cheche za plagi zilivuruga redio, wakazifunika kwa waya wa kukinga. Tena wameona lile lile tuliloliona Mkwaja: injini ya ukubwa wa sentimita za ujazo 62, katika ndege kubwa ya mwendo wa polepole, huivuta vizuri kwa rafadha ya inchi 22 inayozunguka mara 7000 hivi kwa dakika kuliko kwa rafadha fupi inayolia kwa kasi. Nilimjibu kwa barua ndefu. Nilifurahi kujua kwamba mtu aliye katika uwanja wa majani nchi ya baridi, na mimi niliye juu ya mchanga wa Mkwaja, tulikuwa tunaulizana swali moja.

Leo zimeingia injini za mipigo minne, ambazo hazichanganywi oili, zina moshi mdogo na hunywa kidogo, ingawa ni nzito zaidi tezini. Na boti za faiba zimeongezeka. Wala sisemi kwamba mwendo hauna mahali pake. Tangu mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga uanze mwaka 1994, na eneo la Mkwaja na Buyuni likawekwa chini ya usimamizi wa vijiji pamoja na serikali, boti ya doria imekuwa haja ya kweli, na anayewafukuza wavuvi wa baruti anataka chombo chepesi chenye farasi 40 na rafadha ya kasi. Huyo amechagua sawasawa. Aliyekosea ni mchukuzi wa nazi aliyemwiga.

Kwa hiyo nawaomba wenye vyombo wa Mkwaja, Buyuni, Sange na Kipumbwi wasikubali kutoa fedha zao dukani kabla muuzaji hajawauliza urefu wa chombo, uzito wa shehena na aina ya tezi. Na akiwatajia farasi peke yake, wamwulize upana wa rafadha na mizunguko yake. Nawaomba pia wasiukate mlingoti. Umande ungali unavuma kila alfajiri, na mashua iliyo na tanga lake na dizeli ndogo chini ndicho chombo bora ambacho pwani hii imepata kukiunda.