Kile Kineno 'the'

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma kupatikana, lakini bado naandika insha za chuo. Si zangu. Ni za wanafunzi wa Marekani nisiowajua. Broka ana akaunti, mimi nina laptopu na bando. Nalipwa kwa ukurasa, nakatwa kwa kosa.

Kosa langu kubwa lilikuwa 'the'. Kiswahili hakina kineno hicho. Nikisema "nimesoma kitabu", kinaweza kuwa kitabu chochote. Nikisema "nimekisoma kitabu", hiyo 'ki' tayari imekuonyesha ni kile tunachokijua sisi wawili. Sisi kazi hiyo tunaificha ndani ya kitenzi, Mwingereza anaianika mbele ya nomino. Kwa watu mbinu hii haisaidii, maana "nimemwona mtu" ina 'm' hata kama mtu mwenyewe humjui. Hapo najiuliza: ningesema "yule"? Kama ndiyo, naweka 'the'. Makosa yalipungua, pesa ikaongezeka kidogo.

Kisha mamangu akalazwa. Nikamwandikia broka: "My mother is in hospital." Nikaomba siku mbili zaidi. Jibu likaja: "In the hospital." Halafu la pili: siku mbili haziwezekani.

Ukweli ni kwamba sote tulikuwa sawa. Kiingereza tulichofunzwa shuleni ni cha Uingereza, na huko mgonjwa aliyelazwa yuko "in hospital". Aliye ndani ya jengo kwa shughuli nyingine ndiye yuko "in the hospital". Mmarekani huwawekea wote wawili 'the'. Basi pale wodini, kwa Kiingereza cha mwalimu wangu, Mama alikuwa "in hospital", na mimi kwenye benchi, laptopu mapajani, nilikuwa "in the hospital", nikimalizia kurasa sita ili bili ilipwe.

Mama akafungua macho. "Unaandika nini saa hizi?"

"Kazi ya chuo, Mama."

Akatabasamu, akalala tena. Hajui niliacha. Na kusema kweli sikudanganya, ni vile tu sikutaja chuo kipi. Hata kwa Kiingereza ningeweza kusema "college work", bila 'a' wala 'the', na asingenishika. Kiswahili kilinisitiri usiku huo.

Sijui kitanisitiri hadi lini. Mwaka huu ndio ningehitimu, na ameanza kuulizia tarehe ya sherehe.