Dhahabu Isiyochimbwa Kilwa

Njia ya Nangurukuru hadi Kilwa Masoko sina la kuisimulia. Kilichonifanya nishike kalamu ni sentensi moja niliyoisikia kuanzia gatini hadi ndani ya Husuni Kubwa, magofu ya kasri kule kisiwani: kwamba mji huu ulitajirika kwa dhahabu ya hapa hapa. Husemwa kwa fahari, na wageni huitikia kwa kichwa. Mimi ilinikera, maana mawe anayoyakanyaga msemaji ndiyo yanayomkana.

Ukuta wa kasri hilo la Sultani al-Hasan bin Sulaiman ukiugusa, kidole kinaingia katika vishimo vya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Ng'ambo, upande wa bara, chini ya mchanga kuna matope magumu ya kijivu ambayo wanajiolojia huyaita Kundi la Kilwa, yaliyotuama baharini kuanzia zama za dinosaria. Ndani yake mna visukuku vya vijidudu vya bahari vilivyohifadhika hadi magamba yake yanang'aa kama kioo. Hapo ndipo madai ya dhahabu yanapozama. Matope laini hutuama penye maji matulivu, lakini dhahabu, iliyo nzito mara 19 kuliko maji ilhali mchanga wa kawaida haufiki hata mara tatu, huangushwa mapema, mto unapopunguza kasi: nyuma ya jiwe, kwenye kona, katika ufa wa mwamba. Mchimbaji mdogo anapozungusha karai anauiga mto huo. Mchanga mweupe unamwagika kwanza, mweusi unasita, na mwishoni, akiwa na bahati, unabaki uzi wa manjano mwembamba kuliko ukucha. Matope ya Kilwa hayakupita kwenye karai la namna hiyo.

Nitaambiwa kwamba Ruangwa na Nachingwea wachimbaji wa dhahabu wapo, na Mto Mbwemkuru unashuka kutoka bara na kuingia baharini kati ya Kilwa na Lindi. Ni kweli. Hata platini mtu anaweza kuiota, kwa kuwa kilima cha Ntaka, Nachingwea, kina nikeli ndani ya miamba ya jamii inayoweza kuizaa. Lakini madini mazito hukaa jirani na mama yao, yaani mwamba uliowazaa. Yubdo, magharibi mwa Ethiopia, ambako platini ilianza kuoshwa miaka ya 1920, hupatikana katika udongo ulio juu ya mwamba wenyewe na katika vijito vinavyoushuka. Kinachofika pwani baada ya safari ndefu ya mto ni unga usiolipa hata gharama ya kuchota maji. Kuna pingamizi jingine, zito zaidi: Nome, Alaska, mwaka 1899 watu waliosha dhahabu ufukweni kabisa. Sawa, ila huko milima yenye dhahabu iko karibu, na barafu na vijito viliisukuma hadi baharini, kisha mawimbi yakaichekecha. Ufukwe wa Kilwa una mchanga wa matumbawe na makombe, na penye mikoko ni tope tupu. Wimbi lichekeche nini?

Dhahabu ilitoka mbali. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba vumbi la dhahabu lililetwa Sofala kutoka bara, mwendo wa mwezi mzima. Sofala yenyewe iko Msumbiji, nyanda zenye dhahabu ziko Zimbabwe, na Kilwa ilikuwa mahali pa kupitia, kutoza ushuru na kupakia. Sarafu zake nyingi ni za shaba. Za dhahabu zinazojulikana hazizidi vidole vya mkono. Sarafu peke yake hazithibitishi kitu, kwani hata shaba ilitoka nje. Ila ukiziweka kando ya yale matope, sioni sababu ya kuwapora watu wa Kilwa kazi yao ya kusoma pepo na kushika njia ya bahari, ukawapa badala yake mgodi ambao hawakuwa nao.

Ardhi hii inachimbwa, tena leo, na kinachotoka ni jasi ya Makangaga inayokwenda viwanda vya saruji. Wakati wa kurudi tulipishana na lori lililofunikwa turubai, unga mweupe ukivuja pembeni. Ndani ya basi hakuna aliyegeuza shingo.