Toka Robo Maili Hadi Anga za Juu

Filamu ya kwanza ya Fast and Furious ilitoka mwaka 2001. Sisi tuliiona kwenye kibanda umiza, Temeke, tumebanana kwenye mabenchi, DJ akimtafsiria Vin Diesel kwa Kiswahili cha mtaani. Hadithi ilikuwa fupi: Brian O'Conner, askari kanzu, anajipenyeza kwenye genge la Dominic Toretto (ndiye Vin Diesel), wateka malori wa Los Angeles. Kilichotushika ni magari.

Kuna pale Brian anapolipa deni lake. Anamletea Toretto Supra iliyoungua, imebebwa juu ya lori, ukiitazama unaona chuma chakavu tu. Boneti inafunguliwa, wanaona injini ya 2JZ, na nyuso zinabadilika. Mafundi gereji tuliokaa nao walishangilia kabla DJ hajatafsiri neno. Injini hiyo waliijua kwa mikono yao, maana ilikuwemo kwenye Aristo na Crown zilizokuwa zikishushwa bandarini kutoka Japani. Kisha gari lile linafufuliwa taratibu, nati kwa nati. Mbio zilikuwa za robo maili, mtu na gari lake, basi. Ukikosea gia, umeshindwa.

Filamu ya Tokyo, mwaka 2006, bado ilinifurahisha: magari yakila kona kwa ubavu, matairi yakitoa moshi. Mabadiliko hasa yalikuja 2011, genge lilipofika Rio na kuburuta sefu zima barabarani kwa Dodge Charger mbili. Wengi husema hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sikubaliani nao. Sefu lile lilikuwa na uzito, unauona linavyobomoa kuta na kuyayumbisha magari. Niliipenda, na bado naipenda.

Kilichoniumiza kilianza baadaye, nacho ni kifo kukosa maana. Letty, mpenzi wa Toretto, alikufa mwaka 2009, 2013 akarudi. Han, mwenzao tuliyemwona akiteketea Tokyo, alirudi 2021, kwenye filamu ile ile ambayo Pontiac Fiero ilifungwa roketi ikapelekwa anga za juu. Mwaka 2023 nilikwenda kuona Fast X na mpwa wangu. Toretto akateremka na gari kwenye ukuta wa bwawa, mtoto wake kando yake, moto ukimfuata nyuma, nami nikawa nimetulia kabisa kitini. Nilijua hawafi. Mwishoni nyambizi ikapasua barafu, akatokea Gisele, mwenzao wa zamani.

"Anko, huyu si alikufa?" mpwa wangu akaniuliza.

"Alikufa kwenye ile ya sita."

"Sasa?"

Sikuwa na jibu.

Lakini yuko mmoja ambaye hakurudi. Paul Walker, aliyeigiza Brian, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 30 Novemba 2013, filamu ya saba ikiwa haijakamilika. Ndugu zake, Caleb na Cody, walisimama mahali pake, kompyuta ikaweka sura yake. Ilipotoka 2015, niliiona kwenye ukumbi wa sinema, hapa hapa Dar es Salaam. Humo magari yalirushwa kutoka kwenye ndege, na moja likapaa toka jengo hadi jengo Abu Dhabi. Hayo hakuna aliyeyazungumza tulipotoka. Tulizungumzia dakika zile za mwisho: magari mawili yanakwenda sambamba, Toretto kwenye lake na Brian kwenye Supra nyeupe, kisha barabara inagawanyika na kila mmoja anashika njia yake. Wanaume wazima walifuta machozi, nami nikiwemo. Baada ya miaka yote ya milipuko, kilichotuliza ni gari lililokata kona polepole.

Vin Diesel amesema hadharani kwamba anataka filamu ya kufunga irudi Los Angeles, kwenye mbio za mitaani. Hapo namuunga mkono kwa moyo wote. Amesema pia anataka Toretto na Brian wakutane tena. Hapo namsihi aache. Wengine wamewafufua. Brian wamwache na safari yake.