Kwa Nini Biashara Hukusanyika Mahali Pamoja?

Swali lisikikalo mara nyingi katika soko la Kiritiri, nchi ya Wambeere, ni hili: mbona fedha huenda Embu, na kutoka Embu huenda Nairobi? Wengine hujibu kuwa ni bahati, wengine kuwa ni upendeleo. Majibu hayo hayatoshi. Yafaa kuzitazama sababu zenyewe moja moja.

Sababu ya kwanza ni ardhi na mvua. Embu iko katika miteremko ya Mlima Kenya, na Waafrika wa huko waliruhusiwa kupanda kahawa tangu miaka ya 1930. Kahawa haiendi sokoni peke yake. Huhitaji kiwanda cha kumenyea, makarani wa kupima, malori ya kuchukulia, na benki ya kulipia. Kiritiri mvua ni haba, na watu hutegemea mtama, ndengu, mbuzi na muguka.

Sababu ya pili ni boma. Serikali ilijenga Embu mwaka 1906, na baada ya Uhuru mji huo ukawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Palipo na ofisi pana mishahara, na palipo na mishahara pana maduka.

Sababu ya tatu ni njia. Machakos ilikuwa kituo cha serikali kabla ya Nairobi kuwako. Lakini reli iliyotoka Mombasa haikupita Machakos. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka uo huo makao ya mkoa yakahamishiwa huko. Mji mkongwe ukaachwa nyuma, na mji uliozaliwa jana ukawa mkubwa.

Tena biashara ikianza mahali, huvuta nyingine. Mwuza vipuri hufungua duka palipo na malori mengi, na mwenye lori huenda palipo na vipuri. Fundi huwafuata wote wawili, na mwenye hoteli humfuata fundi. Maji hufuata mkondo.

Jambo hili humwumiza mkulima mdogo. Mwenye magunia matatu ya ndengu, akimkuta mnunuzi mmoja tu Kiritiri, hana budi kupokea bei atakayotajiwa. Akienda Embu atawakuta wanunuzi wengi, lakini nauli ya magunia matatu huila faida. Basi mwanawe, aonapo hayo, huliacha jembe akaenda Nairobi kutafuta kazi.

Wako wasemao kwamba mali ya asili ingetosha kuleta mji. Mto Tana unaipinga hoja hiyo. Katika mto huo, kusini mwa Kiritiri na mashariki yake, yalijengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Hata hivyo viwanda vikubwa havikuufuata umeme. Umeme ndio uliovifuata viwanda, kwa kuwa waya huuchukua mbali kwa urahisi, na wafanyakazi, wanunuzi na mafundi walikuwa wamekwisha kukusanyika Nairobi.

Je, Kiritiri ikate tamaa? La. Ikiwa mnunuzi hufuata wingi wa bidhaa, basi wingi huo waweza kufanywa kwa shauri moja. Wakulima wakikausha ndengu zao vizuri, wakazipepeta, wakaziweka katika ghala moja na kuziuza siku moja, mzigo wao hautakuwa magunia matatu tena. Utakuwa lori zima. Barabara itokayo Embu hupita Kiritiri, ikaenda kuungana na barabara ya Thika na Garissa huko Kangonde. Mwenye lori hana kisingizio cha njia. Na wakija wanunuzi wawili badala ya mmoja, bei haitatajwa na upande mmoja tu.

Hapana mtu awezaye kuhamisha mvua ya Mlima Kenya wala reli ya Nairobi. Lakini magunia ya majirani yaweza kuwekwa chini ya paa moja, na kazi hiyo haimngoji mtu wa mbali.