Unene Wangu na Ndimi za Watu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu. Kwa muda wa miaka mingi uzito wangu ulipita kilo 120. Leo napenda kuwaambieni jambo nililozoea kulificha kwa kucheka.

Kwetu mtu mnene ana majina mawili. Siku ya sherehe anaitwa mkubwa, kwa maana watu hudhani unene ni alama ya mali, naye hupewa kiti cha mbele. Lakini mshahara ukichelewa, mkubwa huyo anageuka mlafi. «Mtazameni, yeye anashiba, na watoto wake wamekonda!» Kumbe nyumbani kwangu twala ugali wa mihogo, sombe na sambaza wachache, sawa na jirani zetu.

Nilicheka pamoja nao, na kwa kuwa nilicheka, wakafikiri siumii.

Mwaka wa 2017 nilishikwa na kiu isiyokwisha, hata usiku niliamka mara nne. Nikaenda kutafuta matibabu. Muuguzi alinipandisha juu ya mizani, akataja kilo zangu kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakingoja, akaongeza: «Baba, utatuvunjia mizani. Punguza kula, hiyo ndiyo dawa yako.» Watu wakacheka. Damu yangu haikupimwa. Nilirudi nyumbani, nikakaa miezi 14 bila kumwona mganga. Ugonjwa niliuogopa, lakini mizani ile niliiogopa zaidi.

Halafu kidonda kikatoka mguuni, kikakataa kupona. Binti yangu akaniambia: «Baba, darasani unatufundisha tusione haya kuuliza. Mbona wewe unaona haya kutibiwa?» Sikuwa na jibu. Tukaenda pamoja mahali pengine. Mganga wa huko alifunga mlango, akaniomba ruhusa kabla ya kunipima, akapima na damu. Ulikuwa ugonjwa wa sukari. Tulikuwa tumechelewa: kidole kimoja cha mguu kilikatwa.

Mganga huyo alinieleza mengi. Unene wa kupita kiasi ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba mwaka wa 2022 mtu mmoja katika kila watu 8 wa dunia alikuwa nao. Hautoki katika ulafi tu: upo urithi wa wazazi, upo usingizi haba, zipo dawa fulani, upo na ugumu wa kupata chakula chema. Tena mtu akipungua, mwili wake hushindana naye: njaa huzidi, na nguvu zinazotumika hupungua. Mwaka wa 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walitangaza pamoja kwamba kumwaibisha mtu mnene hakumponyi, bali kwamdhuru. Mimi nilikwisha kulijua hilo kwa kidole changu.

Sisemi kwamba unene hauna hatari. Sasa natembea kwa miguu kila asubuhi, chai nainywa bila sukari, dawa nazimeza kila siku. Nimepungua kidogo, lakini ningali mnene.

Imebaki neno moja, nalo ni zito kwangu kulisema. Zamani darasani mwangu alikuwamo msichana mnene. Nilimhamishia nyuma kabisa, nikisema: «Ukikaa mbele, nani ataona ubao?» Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Yeye pia alicheka.

Juma lililopita nilikutana naye sokoni, mama wa watoto watatu. Nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Mwalimu, tangu siku ile sikuinua mkono tena darasani.»

Basi, ndugu zangu, nanyi wanafunzi, mkimwona mnene anacheka pamoja nanyi, msidhani kwamba haumii.